Dokta wa meno mwenye mkono mwepesi na usalama wako ni mambo mawili tofauti

Ukimuuliza mtu wa Kariakoo, Mwanza au Mombasa akuelekeze dokta mzuri wa meno, mara nyingi jibu ni moja tu, nenda kwa fulani ana mkono mwepesi. Hapo kamaliza. Hatakuambia vifaa vinasafishwaje wala kama dokta anauliza habari za presha kabla ya kuchoma ganzi, kwa sababu hayo hakuyaona, na hata angeyaona asingejua aangalie nini. Na kwa huo huo mkono mwepesi mtu anarudi miaka na miaka, anapeleka mke, anapeleka watoto, mama mkwe akija kutoka kijijini nae anapelekwa.

Sisemi mkono mwepesi ni kitu kibaya. Nasema tunachanganya mambo. Kinachomfanya mgonjwa arudi ni kimoja na kinachomfanya atoke salama ni kingine, kuna sehemu vinakutana, kuna sehemu vinaachana, na kuna sehemu vinapigana kabisa, na hiyo ya kupigana ndo watu wa kliniki hawapendi kuiongelea.

Tuanze na kile unachokiona. Dokta anayekupaka kwanza ganzi ya jeli kwenye fizi, akachoma taratibu badala ya kusukuma dawa yote kwa pupa, alafu akasubiri dakika kadhaa kabla ya kugusa jino, huyo utamwita mkono mwepesi na una haki, ni ujuzi wa kweli. Lakini huo ujuzi haukuambii kama jino limezibwa vizuri, kama uozo wote umetolewa kabla ya kuziba, au kama lile jino lilihitaji kuzibwa tangu mwanzo. Jino lililozibwa vibaya linaweza kukaa kimya miaka miwili mitatu alafu likaanza kuuma usiku, na wewe utasema "hili jino bovu", hutasema dokta alikosea. Yaani majibu ya kazi yake yanakuja wakati umeshasahau kazi yenyewe.

Wachumi fulani wa Uswisi waliwahi kulipima hili. Walimtuma mgonjwa ambaye meno yake hayakuhitaji kuzibwa kabisa, akazunguka kwa madokta wa meno 180 mjini Zürich akijifanya amekuja kuchekiwa tu, na asilimia 28 ya madokta wakamwambia anahitaji matibabu. Uswisi hiyo, sio uchochoroni. Utafiti ulitoka 2020, na kilichonivutia zaidi ni kwamba wale madokta wenye foleni fupi, ambao ukipiga simu unapata nafasi haraka, ndo walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupendekeza kazi isiyohitajika. Fikiria hapo. Kliniki tulivu, kiyoyozi, hakuna kusubiri, tunaipenda na kuirudia kwa sababu hiyo hiyo, kumbe ule utulivu unaweza kuwa maana yake dokta ana kiti kitupu na marejesho ya mkopo wa mashine. Sio sheria hiyo, foleni ndefu nayo inaweza kuwa ya uzembe tu, lakini inaonesha kwamba tunavyovitumia kumpima dokta havipimi tunachodhani vinapima.

Sasa tuingie chumba cha nyuma, maana usalama mwingi uko huko na mgonjwa huwa hafiki.

Kile kioo kidogo, koleo, na drili inayolia mdomoni mwako vilikuwa mdomoni kwa mtu mwingine, labda asubuhi hiyo hiyo. Kuvichemsha kwenye maji hakutoshi, kwa sababu maji yanaishia nyuzi 100 na kuna bakteria wanaojifungia kwenye ganda gumu wanaovumilia hizo nyuzi. Kinachotakiwa ni otokleve, mashine inayofanya kazi kwa kanuni ile ile ya presha kuka, mvuke unabanwa mpaka joto linafika nyuzi 121 na kukaa hapo dakika 15, au nyuzi 134 kwa dakika 3, na hizo dakika zinahesabiwa kuanzia joto lilipofika sio kuanzia ulipobonyeza swichi. Umeme ukikatika katikati, kazi inaanza upya, hakuna cha "zilibaki dakika mbili tu". Na kabla ya hapo kifaa lazima kiwe kimesuguliwa, maana mvuke haupenyi damu iliyokaukia kwenye maungio ya koleo. Kwahiyo mtu anaweza kuwa na otokleve ya bei mbaya na bado akatoa vifaa vichafu vya moto.

Alafu kuna suala la kuloweka kwenye Jik. Klorini inaua vitu vingi, sikatai, lakini kuloweka sio sawa na kupitisha kwenye otokleve, na ikizidi inaleta kutu, kutu nayo inatengeneza vishimo ambavyo uchafu unajificha humo. Ukiona koleo lina kutu jiulize maswali. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa kwenye damu iliyokauka juu ya kifaa au meza kwa siku 7 na bado vikawa na uwezo wa kuambukiza, ndo maana wafanyakazi wa kliniki wanatakiwa wawe wamechanjwa na ndo maana hata kishikio cha taa kile dokta anachokivuta huku na kule kinatakiwa kifutwe au kivalishwe plastiki kila mgonjwa.

Kuna kitu kingine hata baadhi ya wenye fani wanakipuuza, nacho ni maji. Ile mirija myembamba inayopeleka maji kwenye drili, maji yakilala humo usiku kucha bakteria wanajenga utelezi kwenye kuta za ndani, na asubuhi mgonjwa wa kwanza anapuliziwa. Italia mwaka 2011 bibi mmoja wa miaka 82 alifariki kwa nimonia ya bakteria wa legionela, na bakteria wale wale walikutwa kwenye mirija ya mashine ya dokta wake wa meno. Anaheim kule California mwaka 2016 watoto wengi walipata maambukizi kwenye taya baada ya kutibiwa meno ya utoto kwenye kliniki moja, chanzo maji ya mashine. Na kinga yake mbona rahisi, unayaacha maji yatiririke sekunde 20 hadi 30 kati ya mgonjwa na mgonjwa, unatia dawa kwenye mfumo wa maji, na kwenye upasuaji unatumia maji yaliyotakaswa sio ya bomba.

Hapa ndo vile vitu viwili vinapigana. Tuseme kliniki ina seti 4 za kung'olea na kwa siku inapokea wagonjwa 20. Otokleve kupasha, kushikilia joto, kupoa na kukausha ni karibu nusu saa hadi saa nzima kwa mzunguko mmoja, bado hujasugua, bado hujafungasha kwenye pakiti. Mwenye kliniki ana njia mbili, anunue seti zaidi ambazo mgonjwa hatawahi kujua zimenunuliwa, au apunguze hatua ambazo mgonjwa hatawahi kujua zimepunguzwa. Anayepunguza anakuwa na bei nafuu na foleni inaenda chap chap. Yaani anapata wateja wengi zaidi na wanaompenda zaidi kwa sababu ile ile inayowahatarisha. Soko halimuadhibu, linamzawadia, mpaka siku jambo litakapolipuka.

Na yamelipuka. Daybrook, karibu na Nottingham Uingereza, kulikuwa na daktari wa meno aliyefanya kazi hapo kwa miaka mingi sana na wateja wake wa kudumu. Mwaka 2014 mtu akavujisha, daktari akarekodiwa kwa siri, video ikaonesha habadilishi glovu wala vifaa inavyotakiwa kati ya mgonjwa na mgonjwa. Serikali ikalazimika kuwaita wagonjwa wapatao 22,000 waje kupimwa damu. Tulsa kule Oklahoma mwaka mmoja kabla, wagonjwa kama 7,000 wa kliniki moja walitakiwa kupimwa, otokleve ilikuwa haijafanyiwa majaribio kwa miaka kadhaa, na ikathibitika kuna mgonjwa aliambukizwa homa ya ini C kutoka kwa mgonjwa mwenzake humo humo kliniki. Wagonjwa wote hao hawakuwa wajinga. Walikuwa wanarudi kwa dokta wao waliyemzoea, na ukishamzoea mtu unaona aibu hata kumuuliza.

Kwahiyo utaangalia nini ukiwa umelala kwenye kile kiti? Vifaa vikiletwa kwenye pakiti iliyofungwa na ikachanwa mbele yako, dalili nzuri. Ile pakiti ina alama inayobadilika rangi ikipita kwenye joto, usidanganyike sana nayo lakini, inaonesha imepashwa tu, haioneshi kwamba vijidudu vimekufa, kipimo cha kweli ni kile cha kuweka bakteria sugu ndani ya mashine alafu kuangalia kama wamebaki hai, na kinatakiwa angalau kila wiki. Muulize msaidizi mara ya mwisho walifanya lini. Akikuangalia kama umeongea Kichina, umeshapata jibu. Kipimo changu mimi ni kidogo zaidi, naangalia dokta akiwa na glovu simu ikaita anafanyaje. Akipokea alafu akarudi mdomoni mwangu na glovu zile zile, sihitaji kuona chumba cha nyuma.

Basi tusije tukadhani kung'ang'ania dokta mmoja ni ujinga mtupu, kuna eneo ambalo kunaokoa maisha, nalo ni historia yako. Dokta anayekujua miaka anajua una sukari, anajua ile dawa ya kuzuia damu kuganda uliyoanzishwa baada ya kiharusi, anajua valvu ya moyo ilifanyiwa upasuaji na kwahiyo kabla ya kung'oa unatakiwa umeze dawa ya kinga. Dokta mgeni anategemea umwambie, na sisi tunaficha. Mtu anaulizwa unatumia dawa yoyote anasema hapana, kumbe anakunywa za presha kila asubuhi ila yeye anahesabu "dawa" ni ile ya kuumwa leo. Mitishamba ndo kabisa haitajwi. Kina mama wajawazito wa miezi miwili wanakaa kimya mpaka waone mashine ya eksirei.

Watoto hesabu inakuwa kali zaidi. Katriji moja, yaani kile kichupa kinachoingizwa kwenye sindano, ya ganzi ya kawaida, lidokeini ya asilimia 2 yenye mililita 1.8, ina miligramu 36. Ukitumia kikomo cha tahadhari cha miligramu 4.4 kwa kila kilo, mtoto wa kilo 15 mwisho wake ni miligramu 66, hata katriji mbili hazifiki. Mtu mzima wa kilo 70 hapo hata hashtuki. Kwahiyo dokta anayempima mtoto uzito kabla ya kumchoma hapotezi muda, na yule anayechoma ya tatu kwa sababu mtoto bado analia ili mzazi asikasirike, huyo anamfurahisha mzazi kwa kumhatarisha mtoto.

Tatizo kumbukumbu zetu zinakaa kwenye daftari la hospitali au kwenye kichwa cha dokta. Dokta akihamia Dodoma, historia imehamia Dodoma. Piga picha eksirei zako na simu, piga picha ule ukurasa alioandika, ni mwili wako na una haki nao.

Na hapo kwenye maandishi kuna mtego. Meno yanaitwa kwa namba, na mfumo unaotumika sehemu kubwa ya dunia pamoja na huku kwetu una tarakimu mbili, ya kwanza inaonesha robo ya mdomo na ya pili inahesabu kutoka katikati kwenda nyuma. Wamarekani wanahesabu 1 hadi 32 moja kwa moja. Sasa namba 14 kwetu ni jino la juu kulia, la kwanza baada ya chonge. Namba 14 ya Marekani ni gego la juu kushoto. Namba 18 kwetu ni gego la mwisho juu kulia, kwao ni gego la chini kushoto! Ndugu wa Houston akija likizo na barua ya dokta wake, inatakiwa mtu aisome akiwa macho kweli kweli. Kung'oa jino lisilo lenyewe sio hadithi ya vichochoroni. Uingereza lilikuwa kwenye orodha ya makosa ambayo hayatakiwi kutokea kamwe, mwaka 2021 wakalitoa, sio kwa kuwa halidhuru bali walikiri kwamba kinga zilizopo hazina nguvu ya kulizuia kila mara. Hatari zaidi ni meno mazima yanayong'olewa ili kupata nafasi ya waya za kupanga meno, hakuna tundu la kukuongoza, yote meupe. Kwahiyo kabla ya sindano dokta akuoneshe jino kwenye kioo, wewe uliguse kwa kidole, na mkubaliane ni hilo. Inachukua sekunde kumi.

Kuna upande mwingine wa huu uaminifu ambao unatuhusu sisi wagonjwa, ule wa mteja ni mfalme. Mtu anaingia anasema dokta ng'oa hili. Dokta anaona hilo ni zima, maumivu yanatoka la chini yake au yanatoka kwenye sainasi, ule uwazi ulio ndani ya mfupa wa shavu, anaeleza, mgonjwa ananuna, anatoka anaenda kliniki ya jirani analing'olewa kwa furaha, na kesho yake anasambaza mtaani kwamba yule wa kwanza hajui kazi. Au anadai amoksilini. Jino ambalo neva yake imevimba ndani halitulizwi na antibayotiki, linahitaji kufunguliwa au kung'olewa, lakini kidonge ni rahisi kutoa na mgonjwa anaondoka ameridhika. Dokta anayekataa anapoteza mteja. Ukiwa na dokta ambaye amewahi kukukatalia kitu na akakueleza kwanini, huyo mng'ang'anie.

Mfano mkali kuliko yote uko nyumbani kabisa, meno ya plastiki. Tangu miaka ya 80 huku Tanzania, na Uganda wenzetu wanaita ebino, mtoto mchanga akipata homa na kuharisha watu wanasema ana meno ya plastiki, anapelekwa kwa mtaalamu wa mtaa, fizi inachanwa kwa spoku ya baiskeli au wembe na vile vichipukizi vya meno ya utoto vinachokolewa. Ni meno ya kawaida kabisa ambayo hayajakomaa, ndo maana ni meupe na laini. Watoto wamekufa kwa kutokwa damu, kwa tetenasi na kwa maambukizi yaliyoingia kwenye damu, wengine wamekuja kukua bila chonge. Na mtaalamu wa mtaa bado ana wateja, tena waaminifu kuliko wa kliniki yoyote, kwa sababu kuharisha kwingi kwa watoto kunaisha kwenyewe baada ya siku kadhaa, akichokolewa leo kesho kutwa kapona, bibi anasema mmeona? Aliyekufa anasemwa alicheleweshwa. Kwa hesabu hiyo mtaalamu hawezi kukosea hata siku moja, kila matokeo yanamuongezea sifa.

Ndo maana mi huwa siamini sana zile nyota na sifa za wateja kwenye kurasa za Insta za kliniki za kung'arisha meno. Cha kuanzia ni kama mtu amesajiliwa, Tanzania bara ni Baraza la Madaktari Tanganyika, Kenya ni KMPDC, baraza lao la madaktari na madaktari wa meno, na majina yanaweza kutafutwa. Saluni inayobandika waya za urembo haimo humo.

Na siku kosa likitokea, maana litatokea hata kwa dokta mzuri? Kijisindano cha kusafishia mzizi kinaweza kuvunjikia ndani ya jino, kinatokea duniani kote, na mara nyingi jino bado linaokolewa. Wengi wanaogopa kumwambia mgonjwa wakidhani atakimbia au atashtaki. Hospitali za Chuo Kikuu cha Michigan zilianza 2001 utaratibu wa kumwambia mgonjwa ukweli, kuomba radhi na kulipa fidia pale walipokosea, na madai yakapungua badala ya kuongezeka. Mtu anayegundua mwenyewe baada ya miaka, kwenye eksirei ya kliniki nyingine, huyo ndo harudi tena, na akiongea anaongea kwa uchungu.

Sehemu moja ambayo usalama na kurudi kwa mgonjwa vinakaa kiti kimoja bila ugomvi ni simu ya jioni baada ya kung'oa. Dakika mbili tu. Mama unaendeleaje, damu imekata, ile pamba uliuma nusu saa, hujasukutua, basi usisukutue mpaka kesho. Shimo la jino likikauka bila bonge la damu maumivu huwa yanakuja siku ya 2 hadi ya 4, makali kweli, na mgonjwa aliyeambiwa mapema atarudi kusafishwa badala ya kumeza vidonge na kumlaani dokta.

Ila ukiona uvimbe umeshuka chini ya taya, ulimi unanyanyuka, mate hayamezeki au pumzi inakuwa nzito, hapo hakuna cha dokta wangu. Usimsubiri Jumatatu, usimtumie ujumbe ukangoja ajibu, nenda usiku huo huo hospitali kubwa iliyo karibu hata kama hujawahi kukanyaga pale, maana uvimbe wa namna hiyo unaweza kuziba koo ndani ya saa chache.